Pembe Tatu za Gundumuli

Nchi yenyewe haitajwi hapa, kwa kuwa kuitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya semina. Inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi tulivu. Magazeti yake yalikuwa mawili na yaliafikiana. Uchaguzi ulifanyika kila baada ya miaka mitano na ulikwisha mapema, maana wananchi walikuwa wepesi wa kuamua. Na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, nchi nzima ilikaa mezani ikapigana na mazimwi.

Mchezo huo uliitwa Pango. Haukuhitaji vitu vingi: dado mbili, penseli, karatasi, na mtu mmoja wa kusimulia. Msimulizi anasema, "Mmeingia pangoni, mbele kuna kitu kinapumua," na wachezaji waliozunguka meza wanasema watafanya nini: mimi nakimbia, mimi narusha mkuki, mimi najificha nyuma ya shemeji. Dado zinarushwa, na hapo ndipo inajulikana nani amepona. Mazimwi wote mia moja na kumi na wawili walikuwa na picha zao ndani ya Kitabu cha Mazimwi, na kitabu hicho kilichapwa na Serikali. Serikali iliupenda sana mchezo huo. Ilikuwa imegundua kwamba mtu aliyemshinda zimwi Jumamosi huja kazini Jumatatu akiwa hana la ziada.

Katika hao wote, aliyependwa ni Gundumuli. Alikuwa na pembe tatu, tumbo kama gunia la mkaa, meno ya ngiri, na jicho moja kubwa kuliko la pili. Hakuna aliyetamani kukutana naye, na hakuna aliyekubali mchezo uishe bila yeye. Harusi zilikatiwa keki zenye pembe tatu. Wazee waliovunjika mguu kwa kuteleza bafuni walisema, wakibanwa sana, kwamba ni Gundumuli.

Mtu aliyepewa kazi ya kumchora upya aliitwa Tunu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na saba, mfupi, mwenye wino usiotoka kwenye kidole cha shahada, na cheo chake kilikuwa Msanii wa Mazimwi Daraja la Pili katika Wizara ya Burudani na Utulivu. Daraja la Kwanza lilikuwa la mpwa wa Katibu Mkuu, ambaye hakuwa akichora.

Kazi yenyewe ilianza kwa hotuba. Waziri, Mheshimiwa Dakta Tandavala, alisimama mbele ya wanahabari akashika meza kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi imepiga hatua, lakini zimwi wetu amebaki nyuma. Tunataka zimwi wa kisasa. Zimwi shirikishi! Zimwi ambaye mgeni akimwona hakimbii, bali anauliza maswali."

Wanahabari walipiga makofi, kwa sababu makofi yalikuwa kwenye ratiba.

Tunu aliapishwa asimwonyeshe mtu yeyote michoro yake, hata mumewe. Kisha barua zikaanza kuja. Zililetwa na Katibu Msaidizi, Bwana Nyangeta, mtu aliyenong'ona hata akisalimia. Barua ya kwanza ilisema pembe ziondolewe, kwa kuwa zinaashiria mabishano. Ya pili ilisema tumbo lipunguzwe. Ya tatu ilisema macho yawe sawa, kwa kuzingatia usawa. Kila Tunu alipodhani amemaliza, Bwana Nyangeta alichungulia mlangoni na nyingine. Kwa miezi mitano zilikuja kumi na tisa.

"Ukishasoma, choma," alinong'ona kila mara.

"Sawa, bwana," alijibu Tunu.

Hakuzichoma. Wala haukuwa ujanja. Jiko la ofisi lilikuwa la umeme. Aliziweka kwenye jalada chini ya karatasi zake za kuchorea akaendelea na kazi.

*

Kitabu kipya kilitoka siku ya Alhamisi. Mume wa Tunu, Mwalimu Shaibu, alifundisha jiografia shule ya msingi, na katika mtaa wao hakukuwa na msimulizi wa Pango aliyemkaribia. Akisimulia yeye, majirani walisahau chai zao. Alipanga foleni tangu asubuhi, akarudi na kitabu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaketi, akafungua ukurasa wa arobaini, wa Gundumuli.

Tunu alikuwa akikatakata mchicha. Alisubiri kusikia neno. Hakusikia. Alimaliza mchicha wote, akaanza kukata vitunguu ambavyo hakuwa amevihitaji.

"Mama Zaina," Shaibu alisema hatimaye.

"Abee."

"Pembe ziko wapi?"

"Niliambiwa nizitoe."

"Zote?"

"Zote, Baba Zaina."

Alifunua ukurasa, akaurudisha, kama anayetarajia pembe zimeangukia kurasa za jirani. "Na amevaa miwani."

"Ndiyo."

"Gundumuli. Miwani ya kusomea nini, mke wangu? Pangoni kuna gazeti?"

Tunu alitaka kumweleza habari za barua, akakumbuka kiapo, akarudi kwenye vitunguu. Wakala, kitabu kimefunikwa kando ya sahani. Jumamosi ile, kwa mara ya kwanza tangu waoane, Shaibu hakuweka meza uani. Majirani walipobisha hodi aliwaambia ana mafua.

Hakuwa peke yake. Wizara ilikuwa imejiandaa kupokea maoni ya wananchi, na ilikuwa imechapa fomu zenye visanduku vitatu vya kuweka alama: Nina Furaha, Nina Furaha Kubwa, na Nina Furaha Isiyo na Kifani. Wananchi, kwa kuwa ni watii, waliweka alama. Kisha waligeuza fomu wakaandika nyuma.

"Nina furaha isiyo na kifani," aliandika muuguzi mmoja. "Nimepigana na Gundumuli tangu niko darasa la nne. Huyu mpya nimemkaribisha kiti."

"Nina furaha kubwa," aliandika fundi baiskeli. "Aliyenyoa zimwi huyu akamatwe."

Watu wa mji wa kaskazini walituma fomu mia tisa zenye sentensi moja: Turudishieni wetu. Chama cha Wasimulizi Wastaafu kilivaa nguo nyeusi tangu siku ya kwanza. Kijana mmoja wa chuo alichora pembe tatu kwa kalamu juu ya picha mpya, na ndani ya siku mbili hapakuwa na kitabu mjini ambacho hakikuchorwa pembe. Tunu alizipokea fomu hizo dirishani kwake akazisoma zote, maana kuzisoma kulikuwa kazi ya Daraja la Pili. Nyingine zilimtukana. Zilimuuma, ila hakuziona kuwa ngeni. Angekuwa upande wa pili wa dirisha, naye angeandika vivyo hivyo.

Ndipo Wizara ilipoamua kuwatuliza wananchi kwa kuwaonyesha Gundumuli akiwa mkubwa zaidi. Siku ya Jumanne saa nne na nusu asubuhi, kitambaa chenye picha yake, kirefu kama nyumba ya ghorofa tatu, kiliteremshwa kwenye mzunguko wa barabara katikati ya mji. Kikakaa bega kwa bega na picha iliyokuwapo siku zote pale, ya Mheshimiwa Waziri Dakta Tandavala.

Miwani ile ile, pengo lile lile katikati ya meno ya juu. Kichwa kililala kushoto vile vile, kama kinachosikiliza, na kwenye shavu palikuwa na kidoa kile kile cheusi.

Malalamiko yalikoma saa ile ile. Dirishani kwa Tunu palikuwa na foleni ya watu sitini. Alipoinua macho hakuona hata mmoja. Mwenye fomu mkononi aliikunja akaimeza au akaigeuza upepeo wa kujipepea. Kwenye mzunguko magari yaliendeshwa na watu waliotazama mbele tu, shingo zimekakamaa, na wawili waligongana kwa sababu ya kutotazama kando. Tunu alichungulia nje akakiona kitambaa kwa mbali. Alikuwa amechora kila kipande kwa siku yake na kwa barua yake, na hakuwahi, hata mara moja, kuviona vyote kwa pamoja kama wanavyoviona wengine.

Mtu pekee mjini ambaye hakuwa amepita kwenye mzunguko asubuhi ile ni Mwalimu Shaibu. Alikuwa amepita njia ya nyuma kwenda Duka la Serikali la Vitabu, kurudisha kitabu chake. Aliweka Gundumuli mezani mbele ya muuzaji, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto themanini:

"Sikiliza, bwana. Nimemvumilia siku tano. Lakini kusema kweli, huyu anafanana na..."

Akasita. Duka zima lilikuwa limerudi nyuma hatua tatu. Mama mmoja alikuwa ameziba masikio ya mwanawe. Muuzaji alikuwa ameinua mikono juu. Mlangoni walisimama wanaume wawili wenye suti za rangi moja, na mmoja wao alikuwa tayari ametoa daftari.

"Endelea, mwalimu," alisema kwa upole. "Anafanana na nani?"

*

Nchi ile ilikuwa na Idara ya Kauli Zisizokamilika, nayo ilifanya kazi kwa kufuata sheria. Mtu aliyeanza sentensi hadharani bila kuimaliza aliwekwa kwenye kiti. Mbele yake alikaa karani mwenye kalamu, akingoja. Mtu akimaliza sentensi, alishtakiwa kwa alichosema. Asipoimaliza, alishtakiwa kwa kuificha. Na kwa kuwa Serikali haikupenda wananchi wateseke muda mrefu, sheria iliweka kikomo: siku ya kumi, saa tisa na nusu alasiri, Serikali yenyewe ingemkamilishia sentensi, na angeadhibiwa kwayo kana kwamba ni yake.

Tunu aliruhusiwa kumwona siku ya sita. Alikwenda na hotipoti ya chapati na maharage. Shaibu alikuwa kwenye kiti cha mbao, ndevu zimeota, midomo imekauka. Karani aliweka kalamu chini, akasema ana dakika tano za kunywa chai, na kwamba wanaweza kuongea mambo yaliyokamilika tu.

Mlango ulipofungwa Tunu alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Baba Zaina, kwa nini hukunyamaza tangu mwanzo?"

"Sikujua! Naapa sikujua. Sikuwa nimeona hicho kitambaa chao."

"Basi ulitaka kusema nini?"

Shaibu alitazama mlango, kisha akatazama sakafu. Ilionekana kana kwamba anaona aibu. "Mbuzi," alinong'ona.

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi aliyenyolewa. Nilitaka kusema anafanana na mbuzi aliyenyolewa. Yale magoti, Mama Zaina."

Tunu aliuachia mkono wake. "Miezi mitano nimekaa na magoti yale."

"Ndiyo maana sikutaka kukuambia."

"Mbuzi!"

"Punguza sauti."

Alitaka kucheka, akataka kumpiga na kifuniko cha hotipoti, na vyote viwili vikamgeukia kilio alichokizuia kwa upande wa mtandio. "Si uwaambie basi? Waambie ni mbuzi, urudi nyumbani."

"Nimefikiri siku sita," alisema Shaibu. "Nikisema mbuzi, wataandika kwamba nimemwita Waziri mbuzi. Nikisema sikuwa namaanisha Waziri, wataniuliza nimejuaje kwamba wao wanamfikiria Waziri. Nimezunguka kote, hakuna mlango. Na zaidi ya hapo, watakufuata wewe. Ni nani aliyemchora?"

Nje, kikombe kiliwekwa mezani.

"Wameshaandika ya kwao," Shaibu aliongeza haraka. "Nimeiona karatasi kwa karani. Wamekamilisha kwa maneno kumi na mawili. Mtu akisema maneno kama yale, Mama Zaina, harudi mtaani."

Karani aliingia, akakaa, akashika kalamu. "Tulikuwa tumefikia wapi?" aliuliza kwa adabu. "'Huyu anafanana na...'"

*

Siku ya nane Tunu aliitwa mbele ya Tume ya Kuchunguza Kufanana Kusikokuwapo. Ilikutana kwenye ukumbi mkubwa wa Wizara, na wananchi walikaribishwa kuhudhuria ili waone wenyewe kwamba hakuna cha kuonwa. Walifika mpaka viti vikaisha. Wapenzi wa Pango walijaa nyuma, wamenyamaza, vitabu mapajani. Mwenyekiti alikuwa Meja mstaafu Kisusi, na nyuma ya kiti chake, ukutani, ilining'inia picha ya Mheshimiwa Waziri.

Mlangoni Bwana Nyangeta alimsogelea Tunu akamnong'oneza sikioni. "Barua zile ulizichoma, si ndiyo?"

Tunu alikuwa na jalada chini ya kwapa, ndani ya mtandio. "Bwana, umekuwa mwema kwangu siku zote," alisema, akapita.

Meja Kisusi aligonga meza. "Bibi Tunu, Tume hii haiulizi zimwi anafanana na nani, kwa sababu hafanani na mtu. Tume inauliza: huyo mtu ambaye hafanani naye, ulimpata wapi?"

"Sikumpata, Mheshimiwa Mwenyekiti. Niliandikiwa."

"Na nani?"

"Naomba nizisome."

Alifungua jalada. Alianza na barua ya kwanza, ya pembe, na nyuma ya ukumbi mtu alipiga kite kama aliyefiwa. Akasoma ya pili na ya tatu.

"Barua ya nne," alisoma. "'Meno yapangwe vizuri, ila liachwe pengo dogo katikati ya meno ya juu, kuashiria uwazi.'"

Watu waliinua macho kutazama juu ya kichwa cha Mwenyekiti. Wakayashusha haraka.

"Barua ya saba. 'Avalishwe miwani yenye fremu nyeusi, ionekane anasoma.'"

Macho yalipanda tena, safari hii kwa pamoja.

"Barua ya kumi na moja. 'Kichwa kilale kidogo kushoto, kama kiongozi anayesikiliza.'" Alijua kwamba ikifika inayofuata hakuna wa kumrudisha. Alifikiri juu ya kiti cha mbao na maneno kumi na mawili. "Barua ya kumi na nne. 'Shavuni awekewe kidoa cheusi. Upande wa kulia.'"

Ukumbi mzima ulitazama ukutani, na haukushusha macho. Meja Kisusi aliona watu mia nne wakitazama kitu nyuma yake. Aligeuka. Alitazama picha, akatazama kitabu kilichofunguliwa mezani, akatazama picha, na jasho likamchirizika kwenye kola. Kisha akafanya jambo ambalo wanasheria wa nchi ile bado wanalijadili. Alisimama juu ya kiti, akaishika picha ya Mheshimiwa Waziri kwa mikono miwili, akaigeuza ikatazama ukuta.

Aliposhuka alijua amefanya nini. Kila mtu alijua.

"Tume," alisema kwa sauti iliyokwaruza, "imeona kwamba haijaona. Kikao kimefungwa. Mwandishi, usiandike kwamba nimegeuka."

*

Asubuhi ya siku ya kumi gari lilikuja kumchukua Tunu. Halikumpeleka kituoni. Lilimpeleka ofisini kwa Waziri.

Mheshimiwa Dakta Tandavala alikuwa peke yake, amevua koti. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Kwa karibu alionekana mchovu, na kile kidoa shavuni kilikuwa kidogo kuliko kwenye picha. Mezani palikuwa na karatasi moja yenye mhuri. Tunu aliisoma ikiwa imepinduka: ilikuwa amri ya kumwachia Shaibu. Nafasi ya saini ilikuwa tupu. Saa ya ukutani ilisema saa tano.

"Kaa, dada," alisema Waziri. "Nikuulize. Wewe uliona?"

"Sikuona, Mheshimiwa. Nilichora kipande kwa kipande."

"Na mimi sikuona." Alipangusa miwani kwa tai. "Waliniuliza zimwi mzuri awe na sura gani. Nilikuwa garini. Nikatazama kwenye kioo."

Tunu aliitazama saa ya ukutani.

"Baraza la Mawaziri limekaa jana," Waziri aliendelea. "Vitabu haviwezi kurudishwa. Tukivirudisha tutakuwa tumekubali kwamba tulikosea, na katiba haina kifungu cha hilo. Kwa hiyo zimwi atabaki. Imeamuliwa nibadilishwe mimi."

"Ubadilishwe, Mheshimiwa?"

"Sura. Wewe ndiye unayejua kila kipande kilipo. Chora nitakavyokuwa, na vinyozi na madaktari wako chumba cha pili wanangoja mchoro." Alimsukumia karatasi na penseli. Tunu hakuishika.

"Mume wangu anakamilishiwa saa tisa na nusu," alisema.

"Chora kwanza."

"Mheshimiwa, mkono wangu hauchori nikiwa na hofu. Angalia." Aliunyoosha. Ulikuwa ukitetemeka kweli, haikuwa hila. "Nikichora hivi, pengo litakuja upande mwingine, na utakuwa umefanana na mtu mwingine tena. Huenda akawa mkubwa kuliko wewe."

Waziri aliutazama mkono ule. Saa ilikuwa ikigonga. Mtu mkubwa kuliko yeye alikuwa mmoja tu nchini, na picha yake ilikuwa kwenye noti zote. Alivuta ile karatasi yenye mhuri, akasaini, lakini hakumpa. Akaiweka chini ya kiwiko chake.

"Chora," alisema, na sasa yeye ndiye aliyekuwa na hofu.

Tunu alichora kwa muda wa saa tatu, akatupa michoro mitano. Alitoa miwani, akaziba pengo, akanyoosha kichwa, akaondoa kidoa, akapunguza nyusi. Kila alipofuta kitu, Waziri alijishika mahali pale usoni. Vinyozi na madaktari walimpokea, na alipotoka chumba cha pili alisimama mbele ya kioo akiwa na uso laini kama sahani.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Mheshimiwa. Toleo la sita."

Ilikuwa saa tisa na dakika tano. Tunu aliichomoa karatasi ile mezani bila kuomba ruhusa, akakimbia. Hakuwa amekimbia tangu shule. Alivuka mzunguko, viatu mkononi, akapanda ngazi za Idara, na alipoufungua mlango karani alikuwa amesimama, amevaa miwani, akisafisha koo ili asome maneno yale kumi na mawili kwa niaba ya Serikali.

Karani aliipokea karatasi. Akaisoma. Akaisoma tena, akatazama saa. Ilibaki dakika nne.

"Ni saini ya Waziri," alikiri, kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa kazi iliyokaribia kukamilika.

*

Waziri mwenye uso mpya hakupokelewa vizuri. Walinzi wa Wizara walimzuia getini siku mbili. Alipohutubia, watu waliuliza hotuba itaanza saa ngapi. Wizara ikatoa fomu zake za furaha, na wananchi wakaandika kwamba yule wa mwanzo walikuwa wamemzoea, kwamba huyu uso wake haumwambii mtu lolote, na kwamba hawajui akiwatazama anawaza nini. Tunu alizisoma zote. Alikuwa amepandishwa cheo kuwa Daraja la Kwanza, na mpwa wa Katibu Mkuu amehamishiwa ubalozini.

Lakini mambo ya nyumbani yalimpa Tunu wasiwasi zaidi. Shaibu alirudi akiwa mzima, akanyoa, akala, akarudi darasani. Ila hakuwa anamaliza. "Mama Zaina, naomba uni..." alisema, na hapo akasimama, akatazama mlango. "Leo shuleni tume..." Wanafunzi wake walijifunza kwamba mto mrefu kuliko yote nchini unaitwa. Tunu alikuwa akingoja kwa upole, halafu anakisia: chumvi, shuka, maji ya kuoga. Mara nyingi alipatia. Aliogopa siku ambayo hatapatia.

Jumamosi ya tatu alitoa meza uani yeye mwenyewe. Akaweka dado, penseli na karatasi, hakuweka kitabu, akaenda kubisha hodi kwa majirani. Walikuja wanne, kwa kusitasita, wakaketi bila kuegemea. Shaibu aliketi mahali pake pa siku zote. Mikono ilikuwa mapajani.

"Mmeingia pangoni," alianza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya kwake. Mmoja wa majirani alisogeza kiti mbele. "Mmetembea mpaka mwisho. Maji yanadondoka. Mnasikia kitu kinapumua mbele yenu, mnainua taa, na hapo mnamwona..."

Akanyamaza.

Nje ya ukuta wa ua palisikika viatu vya mtu vikipita, vikapunguza mwendo, vikasimama. Majirani walitazama dado. Shaibu alifungua mdomo, akaufunga, na macho yake yalijaa maji. Tunu hakuwahi kucheza Pango maishani mwake. Yeye alichora tu. Aliliacha sinia la chai juu ya jiwe, akavuta kigoda, akaketi mezani.

"Mnamwona zimwi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nje ya ukuta. "Hayumo kwenye kitabu."

Jirani mmoja, fundi cherehani, aliramba midomo. "Anafanana na nani?" aliuliza, na papo hapo akajuta kuuliza.

Viatu vile nje havikusogea.

"Hafanani na mtu yeyote," alisema Tunu. "Kwa hiyo mtamtazama wenyewe, vizuri, kabla hajawafikia."

Akazisukuma dado mpaka mbele ya mumewe. Shaibu alizitazama, akazichukua.